Pumzi ya Yule Mama wa Mashuka

Dada yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na wenzako wa chumba kile cha vitanda vinne. Mkono ulioungua kwa pasi umepona, au bado unajitia shujaa na kuutumbukiza kwenye maji ya sabuni? Na kifua je? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto ananipita mimi kwa mwendo. Mimi sina ugonjwa ila kukukumbuka, na huo hauna dawa.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu hatujawahi kumaliza filamu hata moja. Tukifika katikati tunaanza kubishana, mtandao unakata, kila mmoja anabaki amenuna. Kwenye barua walau huwezi kunikatiza. Basi kaa vizuri, weka miguu juu, nikupe za mwezi huu.

Kwanza ile ya daktari wa mifugo uliyoisifia mpaka ukapitiliza. Hapana, Dada. Hapana kabisa! Yule kijana ni mzuri, sikatai, hata Mama alitafuta miwani ili amwone sawasawa. Lakini kuigiza hajui. Ng'ombe kafa, uso uleule. Mchumba karudi, uso uleule, kama picha ya kitambulisho. Aliyemwingizia sauti kwa lugha yetu ni mwenzetu mmoja pale studio tunayemwita Besi, na Besi kalalamika kwamba ilibidi amlilie yule kaka machozi yote yeye, maana kwenye sauti ya asili hakukuwa na kitu cha kufuata. Kwa hiyo siku nyingine ukilia pale zizini, ujue unamlilia Besi, baba wa watoto watano mwenye soksi zilizotoboka.

Ya wezi wa benki nimeipenda, na aliyenimaliza ni yule jambazi mkuu. Umeona anavyokula? Waigizaji wengi wanachezea kijiko tu, yeye anakula kweli, na anamtisha mtu huku yai liko shavuni. Sisi ndio tulioipata, kwa sababu kila mtu alipotafuna kwenye filamu na sisi tulitafuna mbele ya kipaza sauti. Mimi nilikuwa yule mwanamke wake, nilitafuna karoti siku nzima mpaka taya likakaza. Mwisho lakini wameuharibu. Mtu kapigwa risasi tatu, bado anahutubia! Nilijua ungekasirika, nikakasirika kwa niaba yako.

Ya tatu hujaiona, ndiyo kwanza tunaishughulikia. Kuna mama mmoja humo, anafua katika hospitali. Anaonekana mara nne tu katika filamu nzima, na mwigizaji wake sijamwona popote kabla ya hapo. Dada, mama yule anajua! Anapelekewa habari kwamba mtu anayemsubiri hatarudi, na hasemi neno. Anaendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe, analinyoosha kwa kiganja, na pumzi inamkatika mahali pamoja tu. Wale wengine wote wanapiga kelele saa mbili nzima na hawajafika alipofika yeye. Nilipoona ile mikono nikakuona wewe, nikaomba nitoke nje kidogo.

Sasa, katika kazi yetu hata pumzi inaingizwa upya. Nafasi ile nilipewa mimi, na siku mbili nzima nilishindwa. Nilivuta, nikashusha, nikaikata mapema, nikaikata nikiwa nimechelewa. Fundi mitambo wetu, mzee mpole anayekaribia kustaafu, aliniambia nipumzike, leo si siku yangu. Jumatano, ili kunichangamsha, akatoa boksi la kanda za zamani alilolikuta kabatini, za watu waliokuja kufanyiwa majaribio ya sauti, akaweka moja, akaniambia nisikilize nilivyokuwa msichana.

Ulikuwa wewe. Wewe wa miaka ishirini na miwili, unasoma kile kipande cha mwanamke anayegombana na mwenye nyumba. Hukutetemeka hata kidogo. Mwishoni ulikohoa, ukacheka, ukawauliza uendelee au umeshawachosha. Nilikuwa nimesahau ule mcheko wako unaoanzia puani. Fundi akasema siku zile nilikuwa na moto, siku hizi nimepoa. Kisha akaona nalia, akashangaa, akauliza mtu analiliaje sauti yake mwenyewe.

Ngoja niseme kabla sijapata kisingizio cha kuichana karatasi hii. Ile simu ya studio ilipigwa, Dada. Uliyoisubiri miezi mitatu, ukiikimbilia na mikono ina povu kila ilipolia, ilipigwa wiki ya tatu tu, Alhamisi mchana, wewe umempeleka Mama kliniki. Niliipokea mimi. Mtu akauliza kama anaongea na wewe, nami nikasema ndiyo kwa sauti yako, kama nilivyozoea kuwatania wachumba wako. Nilikuwa natania, haki ya nani. Akasema umechaguliwa, uje Jumatatu. Pale ndipo nilipotakiwa kucheka na kusema asubiri nikuitie mwenyewe. Sikucheka. Niliuliza saa ngapi.

Jumatatu nilikuaga kwamba naenda kutafuta kazi ya kuchapa barua ofisini. Hakuna aliyeniomba kitambulisho. Walitaka sauti, na sauti nilikuwa nimeibeba. Wewe nilikuja kukuambia nimepata kazi studio ulipokwisha kuondoka, kana kwamba nimeipata jana. Mpaka leo kazini naitwa kwa jina lako. Sina cha kujitetea. Nilikuonea wivu. Tangu tukiwa wadogo wewe ndiye uliyesimamishwa mbele ya wageni uigize, mimi nikipiga makofi, na nilitaka mara moja tu wanisikilize mimi. Mara moja hiyo imekuwa miaka minane.

Siku ya kuondoka kwenda huko kufua mashuka ya wageni wa hoteli, uliniambia kituoni kwamba pengine sauti yako ni ya kuitia watoto waje kula, basi. Begi lako nilikuwa nimelibeba mimi, na nikanyamaza. Ulipoandika baadaye kwamba yule mke mkubwa wa tamthilia ya Jumamosi anakukumbusha nyumbani, hujui ni kwa nini, mimi nilijua: nilikuwa nikimsemea mimi, kwa sauti yako, na sikukuambia. Hata Mama, yuko jikoni na televisheni iko sebuleni, aliwahi kuita akiuliza kama wewe umerudi. Nilijitia hamnazo, nikazima.

Ndiyo sababu pumzi ya yule mama ilinishinda. Miaka yote hii, nikipewa nafasi yoyote, nilijiuliza wewe ungeisemaje, nikasema vile. Safari hii nilijiuliza wewe ungepumuaje, ukikunja shuka na mtu wako harudi, nikakuta sijui. Miaka minane sijakaa karibu yako. Niliyekuwa namuiga ni yule wa kwenye kanda, na wewe hukubaki pale.

Ijumaa nilikwenda kwa msimamizi wetu, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alisikiliza kanda yako mara mbili, akaniambia mimi ni mwizi. Kisha akasema nafasi ya yule mama hampi mtu hadi mwisho wa mwezi ujao, anamtaka mwenye sauti, hata kama amekaa muda mrefu bila kuitumia. Mimi kaniondoa kwenye nafasi zote kubwa. Amenipa karani wa mapokezi anayesema tu mtu asubiri pale, mara mbili, na akaniamuru nitumie sauti yangu mwenyewe. Dada, sauti yangu ni nyembamba kama ya mtoto anayeomba ruhusa kwenda chooni! Nilirudia mara kumi na moja, Besi akavunjika mbavu.

Nakuomba uje. Usidhani nakuitia kazi tu. Nakutamani wewe, nikukute umekaa sakafuni pale sebuleni, mgongo umeegemea kochi, unasimamisha filamu kila baada ya dakika mbili kunieleza kwamba yule hajui kulia. Tangu uondoke naangalia filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna anayenisimamisha, na sifurahii hata moja. Nimekukumbuka mpaka nikisikia mtu anakunja nguo nyuma yangu nageuka. Na mimi ndiye niliyekufukuza, bila wewe kujua kwamba umefukuzwa.

Ukitaka kunitukana, njoo unitukane mbele ya Mama, nitakaa kimya mpaka umalize. Kama hutaki hata kuniona, nijulishe siku utakayofika, nami siku hiyo nitahamia kwa shangazi. Nina ombi moja, na una haki ya kulikataa. Siku utakapoingia chumba kile cha kurekodia, niruhusu nikae upande wa pili wa kioo, karibu na Fundi, nikusikie unavyopumua.

Wasalimie wenzako wote, hasa yule anayekoroma, mwambie bado namwombea. Shangazi anakusalimu, na majirani wa mbele. Mama amesimama hapa mlangoni, kaniona naandika, anauliza utakuja lini. Miaka yote nimekuwa nikimjibu mimi badala yako, mara karibuni, mara mwakani. Leo nimemwambia sijui, akusubiri umjibu mwenyewe.

Ni mimi,
mdogo wako.