Kitabu Chenye Vikaratasi Vingi

Cutler Springs, Missouri
14 Septemba 2023

Mpendwa wifi Lorna,

Hujambo wewe, na Clement, na hicho kiuno chako? Nasikia huko Alaska theluji imeshaanza kuchungulia milimani. Huku tunatokwa jasho tukiwa tumekaa tu. Sisi hatujambo. Mbwa wa kaka yako amezeeka, ila bado analibwekea gari la posta kama ana kesi nalo.

Uliniuliza kwenye simu kama kikundi chetu kimevunjika, nikakukatiza maneno. Unisamehe. Sikuwa na jibu, na mimi nikikosa jibu huwa mkali, unanijua.

Unakumbuka kwa nini nilimtoa Odette shuleni. Baada ya msiba wa baba yake kigugumizi kilizidi, wenzake wakamcheka, akaacha kabisa kusema mbele ya watu. Ni katika hiki kikundi cha familia zinazosomesha watoto nyumbani ndipo alipoanza tena kusoma kwa sauti, kila Jumanne, katika chumba cha nyuma cha maktaba. Maktaba hutoa chumba kwa watoto kumi au zaidi. Sisi tunao kumi tu. Ikijitoa familia moja tu tumekwisha, na mwanangu anarudi kwenye kimya chake.

Taabu ilikuwa mtaala wa historia. Wendell Tolliver, mhubiri mwenye watoto wanne, hakutaka kitabu cha kumdhihaki Mungu. Greta hana dini na hataki kuombewa. Daktari Sodhi wa mifugo ni Singasinga. Yeye alichoka na vitabu vinavyomfanya bintiye Jasleen aonekane mgeni. Tukakubaliana tutafute mtaala usioegemea dini ya mtu yeyote. Kukubaliana kulikuwa rahisi, kuchagua ndiko kulikotushinda.

Mimi nikajifanya mjanja. Nikasema tuzungushe vitabu viwili nyumba kwa nyumba, kila familia ibandike kikaratasi cha rangi yake kwenye ukurasa isioutaka. Kitakachorudi kisafi ndicho chetu. Kimoja kilirudi na vikaratasi mpaka hakifungiki. Cha pili kilirudi kitupu, tukakichukua kwa shangwe.

Wifi, kilikuwa kisafi kwa sababu hakikuwa na mtu ndani. Waliovuka bahari kuja huku walikuwa "wakitafuta makazi mapya", basi. Makanisa ya kale yalikuwa "majengo marefu ya mawe". Hakuna aliyesali na hakuna aliyekataa kusali. Kufikia wiki ya tatu watoto walikuwa wanapiga miayo na wazazi wanalaumiana.

"Huu ndio ulimwengu bila Mungu," Wendell alisema. "Unachosha."

"Usinisingizie, kaka," Greta akamjibu. "Hata mimi nisiyeamini najua bibi yangu hakupanda meli kubadilisha hewa."

Wendell akasema basi yeye na wanawe watasoma kivyao, akaanza kukusanya madaftari. Ndipo Odette akanyoosha mkono. Kitabu kilikuwa wazi kwenye picha ya kaburi la kale.

"Wa-walimzika na shanga," alisema. "Kwa nini? Hakisemi."

Hakuna mtoto aliyemharakisha. Kule ndivyo walivyozoea. Kijana mkubwa wa Wendell akasema kwao huamini wafu watafufuka. Jasleen akasema kwao mwili huchomwa na roho huendelea na safari. Mtoto wa Greta akasema kwao mtu huwa udongo, na udongo ukiwa mzuri unaotesha nyanya. Wakacheka wote. Wendell naye akacheka, madaftari yangali kwapani.

Sodhi akasema tulete kile kitabu cha vikaratasi. Tulipokisoma vizuri, tukaona kinaeleza watu waliamini nini, wala hakimwambii mtoto aamini nini. "Kila aliyebandika," alisema, "siku ya ukurasa wake aje akae hapa aseme. Aanze na 'nyumbani kwetu'. Asimalizie na 'nanyi pia'." Wendell akauliza kama na yeye atasikilizwa. Greta akasema atasikilizwa, ila zisizidi dakika kumi, maana anamjua. Wendell akaketi.

Sasa nifike kwenye kilichonishikisha kalamu. Mimi nilibandika kimoja tu, cha njano, kwenye ukurasa wa mazishi. Tangu tumzike kaka yako sijamwambia mtoto naamini nini. Zamani nilijua. Nikaona heri nisimtaje kabisa, na hata jina lake halikuwa likitamkwa nyumbani, nikidhani namkinga mtoto.

Jumanne iliyopita zamu yangu ikafika. Nikasema "Nyumbani kwetu," maneno yakaishia hapo. Watoto wakanisubiri kama wanavyomsubiri Odette. Akaja kusimama kando yangu.

"Nyumbani kwetu ha-hatujui," akasema. Neno lililofuata lilimkwama muda mrefu sana. "Ila mi-mimi ningependa tuwe tunamtaja baba."

Nililia mbele ya watoto wa watu, wifi, na sioni haya kukwambia.

Kwa hiyo nakuomba umwandikie Odette habari za utoto wa kaka yako, hata zile za aibu, hizo hasa. Sisi tumeshaanza. Jana mezani nilisema, "Russell hakupenda njegere, alikuwa akimdondoshea mbwa chini ya meza." Odette alicheka, kisha akadondosha zake. Mbwa akazila zote.

Msalimie Clement, na ukimpigia mama yako Idella mwambie tutakuja wakati wa mavuno. Yule asikiaye maombi akulinde. Na kama hakuna asikiaye, basi tulindane sisi.

Wifi yako akupendaye,
Corinne