Mtoto Aliyenyoosha Mguu

Jumatatu, 3 Juni
Wamemchukua mtoto! Mdogo wangu kanipigia simu, kwikwi tupu, maneno hayatoki. Nimeacha cherehani kiwandani, msimamizi ananiita, sikugeuka. Nimekuta chumba chake kiko wazi, uji umemwagika sakafuni. Jirani anasema afisa wa ustawi wa jamii alikuja na polisi, wakavunja kufuli. Binti yetu, miaka mitatu, alikuwa kafungwa mguu kwa kitambaa kwenye kitanda. Mama yake, huyu mdogo wangu, alikuwa kazini kwa dobi.
Kafungwa. Mimi mama yake mkubwa, sikujua.

Jumanne, 4 Juni
Mdogo wangu hakuficha. Anasema zamani alimwacha huru, siku moja akarudi akakuta kajiunguza kwa jiko. Ndipo akaanza kumfunga. Kitambaa laini, na pamba kaweka ndani. Pamba! Ananiuliza, dada, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi mwenyewe niko kiwandani kutwa, na mama yetu tulishamzika. Nilitaka kumgombeza, nikaishia kulia naye. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwendea yule afisa, nimejifunga kibwebwe. Nikamwambia mdogo wangu si katili, hana wa kumwachia mtoto, basi. Akasema analijua hilo, wazazi wengi anaowachukulia watoto wanawapenda. Akaniuliza, je, nyumba ingeshika moto naye kafungwa? Nikamuuliza kwa nini wasimtafutie mlezi wa mchana. Akasema fungu la hilo hawana. Nikamwambia, la kumlisha na kumlaza huko kwenye makao ya watoto mnalo! Akainamisha kichwa. Hata kumtukana nikashindwa, mdada mwenyewe kachoka.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya kumwona mtoto makaoni. Kamrukia mama yake, kicheko hadi barabarani. Nikasema moyoni, haya, waone wenyewe kosa lao.
Saa ikafika. Mdogo wangu akasimama, akachukua mkoba. Mtoto akaenda mwenyewe hadi kwenye kitanda, akakaa chini, akanyoosha mguu. Akasubiri. Hakulia wala nini. Mlezi wa makao akageukia ukutani. Mdogo wangu akamwambia kwa sauti ndogo, leo hapana, mama, leo hatufungi. Mtoto hakuelewa, akausogeza mguu karibu zaidi.


Jumatatu, 10 Juni
Mahakamani. Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbini. Hakimu katoka kidogo.
Nilikuja kumtetea mdogo wangu, maneno nimeyapanga tangu alfajiri. Hakimu hakuyataka. Kaniuliza moja tu: mtoto akirudi kwake leo, kesho asubuhi wewe utakwenda kazini umetulia? Akasema nifikirie, nitajibu akirudi.
Nikisema ndiyo, anarudi kwenye kile chumba. Nikisema hapana, nani atambembeleza mdogo wangu usiku?
Mdogo wangu kaniletea maji, kanifungulia na kizibo. Kakaa kando yangu, katulia kuliko wiki nzima. Anasema hana wasiwasi tena, maana anayeulizwa ni dada.
Karani kafungua mlango. Anatuita.