Tulingoja Damu Nyekundu

Baba Chebet wangu,

Leo nimechuma majani ya chai mistari miwili tu nikarudi nyumbani. Nimeona afadhali nikuandikie, kwa sababu hili siwezi kumwambia mtu aliye hai.

Unakumbuka daktari alivyotueleza? Mishipa ya damu kwa koo lako la chakula imefura sababu ya ugonjwa wa ini, na kuna sindano za aina mbili. Moja ni dawa ya kukausha mshipa polepole. Utarudi kuchomwa tena na tena mpaka mshipa unyauke. Nyingine ni kama gundi, inaziba hapo hapo, lakini ikiteleza inaweza kufika kwa mapafu. Ukanigeukia. "Mama Chebet, kwani mimi ni kiatu nibandikwe gundi?" Daktari mwenyewe alicheka. Tukachagua ya kukausha, tukaomba, ukachomwa.

Miezi yote hii nimelaumu hiyo sindano. Ati tungechukua gundi, ungekuwa hapa ukinigombeza juu ya ng'ombe. Lakini si sindano. Mara ya pili daktari aliangalia akasema mishipa imeanza kupungua.

Ni ile Ijumaa asubuhi. Ulitoka chooni ukasema, "Leo choo ni cheusi kama lami." Mimi nikacheka. "Si umemaliza kibuyu kizima cha maziwa ya mursik? Hayo ni makaa niliyosugulia kibuyu." Ukacheka pia, ukaomba maziwa mengine. Nikakumiminia. Sindano ya tatu ilikuwa iwe Jumanne iliyofuata. Tuliambiwa tukiona damu turudi haraka, na sisi tulikuwa tunangoja damu nyekundu.

Ilikuja Jumapili, ukaitapika ukivaa shati la kanisa. Hatukufika hata barabara ya lami.

Muuguzi wa hospitali ndiye aliyeniuliza baadaye kama choo kilikuwa kimebadilika. Damu ikipita tumboni, akasema, hutoka nyeusi.

Chebet wetu aliniuliza, "Mama, hakukuwa na dalili?" Nikamwambia hapana. Akina mama wa kanisa wananishika mkono: "Ni mpango wa Mungu." Nikipiga magoti maneno hayaji. Mungu najua husamehe, nimesoma. Lakini niliyemcheka ni wewe, ukaniamini, na wewe huwezi kunijibu.

Lala, baba. Mimi sijui nitalala lini.

Mke wako,
Mama Chebet