Kondakta Anayesalimia Visogo

Shikamoo Mama,

Umeshindaje hapo Columbus? Sisi huku Japani tumesharudisha gari la kukodi, sasa tunatembea kwa treni. Wali wa kwenye boksi unaliwa wa baridi, na ni mtamu, usiniulize kwa nini.

Ila kuna jambo limenishangaza. Kondakta akimaliza kupita behewani hugeuka mlangoni, akawainamia abiria wote. Nao wamempa kisogo, wengine wanakoroma! Sasa anamsalimia nani? Baba Salma akasema salamu haiachwi bila kuitikiwa, akainuka, naye akainama. Salma akajifunika uso kwa aibu, akamnong'oneza kwa Kiingereza akae.

Kondakta alipopita tena, nikamkuta Salma kapiga magoti kitini, macho mlangoni, anamsubiri. Yule kondakta alipoinama tu, mjukuu wako akapaza sauti: "Shikamoo!" Behewa zima likageuka. Kondakta akasita kidogo, kisha akainama tena, chini zaidi.

Ndiye Salma yuleyule anayekupita sebuleni na "hi" yake. Tunakukumbuka, Mama, na chai yako pia. Siku tukirudi, ukimwona anaingia, hebu jaribu kumwinamia.

Mwanao, Rehema