Magari Mawili na Bisibisi Moja

2 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na Mama hajambo. Mimi mzima, ila nimechoka kubeba mabosi wa watu kwenye magari ya watu. Miaka tisa inatosha.

Ile hoteli imekubali. Nikiwa na gari moja dogo la kifahari kufikia tarehe mosi Julai, wageni wao wote wa uwanja wa ndege ni wangu. Nisipokuwa nalo, kazi anapewa mwingine. Nimepata mawili, yote ya silinda sita, yote ya miaka mitatu. Jeusi liko kwa muuzaji jirani na gereji yako. La kijivu ni la daktari wa meno anayehama. Kwenye karatasi jeusi linafikia mwendo wa kilomita mia kwa saa ndani ya sekunde nne na nusu, la kijivu ndani ya tano. Lakini karatasi haina injini. Nenda ukasikilize, kisha unirekodie sauti kwa simu. Nina uwezo wa kununua moja tu, na nikikosea sina la pili.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu Gia Tano,

Marahaba. Goti ni lilelile. Mama yako mzima, ila amekuwa mkorofi. Anadai redio yangu inasikika hadi kwa jirani.

Nimeyaona. Yote mawili nilishika boneti kwanza, zilikuwa baridi, kwa hiyo hakuna aliyenipashia injini. Jeusi linakata kona bila kuinama na viti vinakukumbatia. La kijivu lina buti dogo, matairi yamekwisha, na usukani wake mzito kidogo. Injini zote mbili kimya kabisa. Sauti nimekutumia kama ulivyotaka, ingawa sioni za nini. Chukua jeusi.

Baba yako

12 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mimi sijambo.

Nimesikiliza sauti zako mara kumi na moja. Jeusi linagonga. Tak, tak, tak, upande wa kulia, sekunde kama ishirini, halafu linatulia. Mlio huo ulinifundisha wewe nikiwa na miaka kumi, nimekaa juu ya tairi pale gereji. Usingekupita.

Usinikasirikie kwa swali hili. Baba, siku hizi unasikia?

Mwanao

26 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Wiki mbili kimya. Mama anasema unakula vizuri, unatoka alfajiri, na ukiulizwa hujibu.

Daktari wa meno anaondoka tarehe tano. Mafundi wengine watatu ninawajua, na namba zao ninazo. Sijampigia hata mmoja. Nakusubiri wewe mpaka tarehe nne.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu Gia Tano,

Marahaba. Sisi wazima.

Sikio la kulia limekwisha. La kushoto linalifuata. Huu mwaka wa pili. Nimekuwa nikitengeneza kwa macho, pua na vidole, na sikumwambia mtu. Barua yako ilinikasirisha siku tatu. Siku zilizobaki nilikuwa kazini.

Nilichukua bisibisi yangu ndefu, ile ya mpini wa mbao. Ncha naigusisha kwenye injini, mpini nauuma kwa meno. Mlio unapita kwenye taya. Nimejizoeza kwa magari kumi na manane, yenye ugonjwa ninaoujua na yasiyo nao, mpaka nikaacha kukosea.

Jana nilirudi kwa lile jeusi. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unalila?" Nikamwambia nalionja. Linagonga. Ila si kulia kama ulivyoandika. Simu haijui kulia wala kushoto. Ni silinda ya tano, nyuma.

Kwa daktari wa meno nilikaa na lile la kijivu saa nzima. Akanionya nitavunja jino. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja kufanyia hapa kwake. Injini yake ni nzima. Badilisha matairi yote manne na pedi za breki za mbele. Nusu sekunde unayoipoteza, mgeni wa hoteli hataijua.

Nilikuambia uchukue jeusi. Nilikosea. Chukua la kijivu.

Baba yako

4 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini meno yote yapo.

Nimelinunua. Daktari atakukabidhi funguo leo. Nafika tarehe ishirini, na mtu asiliwashe asubuhi hiyo. Tutaliwasha likiwa baridi, wewe na bisibisi, mimi na masikio.

Tarehe ishirini na mbili, saa tatu asubuhi, una miadi na daktari wa masikio. Nimeshapanga. Nitakupeleka mwenyewe kwa gari hilo, na utakaa nyuma kama wageni wangu. Hakuna mjadala.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu Gia Tano,

Marahaba. Meno yapo. Funguo ninazo, matairi mapya nimeshafunga.

Kwa daktari nitakwenda. Nyuma sikai.

Baba yako