Wiki Waliyopanda Bila Mimi

Jumatano, 18 Juni

Nimekagua mahema asubuhi. Saba. Moja zipu mbovu, nimelipeleka kwa fundi cherehani. Kamba, filimbi, sufuria mbili, sanduku la huduma ya kwanza. Vijana kumi na wawili mwaka huu, nusu wasichana. Kila Juni tangu nianzishe chama hiki cha wapanda mlima nimefanya kazi hii hii, na siku chache baadaye nimekuwa juu mlimani, kwenye uwanda wa Lukwangule, sweta mbili mwilini, nanawa uso kwa maji yanayouma.

Mwaka huu siendi. Daktari ameangalia picha ya goti. Kupanda labda nitapanda, amesema, kushuka nitabebwa.

Upendo ataongoza. Alikuja kwetu akiwa kidato cha pili, anaogopa ruba mpaka analia. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka thelathini na moja, na njia anaijua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Hilo halinisaidii kitu.

Wazazi bado sijawaambia.

Ijumaa, 20 Juni

Mzee Shomari amekuja kutia saini fomu ya binti yake, Mwajuma. Mluguru wa Kinole, anauza ndizi na mdalasini hapa mjini sokoni. Nimemfuata mara tatu kumbembeleza. Mara ya kwanza alinicheka. "Mwalimu, mlima ni wa kulima. Mimi nimeushuka na mizigo kichwani tangu mdogo. Nyie mnapanda mkatazame nini?" Aliyemshinda ni Mwajuma mwenyewe. Alinuna wiki nzima.

Leo ameshika kalamu, akasita. "Lakini wewe utakuwa nao?"

Nikasema, "Tutakuwa nao."

Akatia saini.

Nimejiambia si uongo kamili. Ni uongo.

Jumatatu, 23 Juni

Wameondoka saa moja asubuhi. Gari la kukodi hadi Nyandira, kisha miguu. Nimemfunga kamba za viatu kijana mwenye miaka kumi na saba. Ameniacha nimfunge. Upendo akanikumbatia. "Nitapiga kila siku saa kumi, Mwalimu. Popote nitakapopata mtandao."

Gari likakata kona.

Nimefagia stoo. Baadaye nimeifagia tena.

Jumanne, 24 Juni

Saa kumi kamili, simu. Wote wazima. Wameingia msituni, kesho uwandani. Nyuma yake nimesikia vijana wanacheka na maji yanavuma. Nikauliza baridi ikoje. Nikauliza kama maua ya bondeni yameshatoka. Upendo alikuwa na haraka, wali ulikuwa jikoni.

Nilitaka aseme hawawezi bila mimi. Nina miaka sitini na moja na nilitaka kusikia hivyo. Aibu.

Kuna mahali kule juu msitu unaisha ghafla. Unatoka kwenye giza la miti, mbele yako majani matupu, mapana, na upepo. Vijana hunyamaza pale. Hata wa mjini wenye maneno mengi. Hunyamaza dakika nzima. Nadhani nimeishi kwa ajili ya ile dakika. Leo nimeitamani.

Jumatano, 25 Juni

Mvua. Juni! Mlima umefunikwa tangu saa sita mchana, hata vilima vya chini sivioni.

Saa kumi hakuna simu.

Saa kumi na moja hakuna. Nimepiga, hapatikani. Nimepiga tena na tena. Nimempigia mwenyekiti wa kijiji cha Nyandira. Anasema huko juu ni ukungu mtupu na njia ni utelezi, atatuma watu wawili kukipambazuka.

Nimevaa viatu vyangu vya mlima. Sijui nilifikiri nini. Nimefika getini, goti likakataa. Nimerudi nikakaa kibarazani na viatu miguuni. Naogopa. Na ndani ya hofu kuna kitu kibaya zaidi, kisauti kinachosema, ungekuwepo wewe haya yasingetokea.

Alhamisi, 26 Juni

Saa mbili asubuhi hodi. Mzee Shomari. Aliona mvua ya jana, akaja kuuliza watu wa nyumbani kwangu kama wamepata habari zozote. Mlango nikaufungua mimi.

Akanitazama. "Mmesharudi?"

"Sikwenda, mzee wangu."

Nikamweleza yote, amesimama pale pale. Goti. Daktari. Simu ambayo haikupigwa jana. Nilijua angepiga kelele. Hakupiga.

"Ungeniambia, ningekataa," akasema. "Ulijua ningekataa. Ndiyo maana hukuniambia."

"Ndiyo."

Hakuondoka. Alikaa kibarazani, kofia magotini. Nikamletea chai, hakuigusa. Nikakaa naye. Mlima ukaanza kujitokeza vipande vipande, naye anautazama kama mtu anayemdai majibu.

Saa saba na nusu, namba nisiyoijua. Sauti ya Upendo: "Mwalimu, wote kumi na wawili ninao."

Sikusubiri sentensi ya pili. Nilimpa Mzee Shomari simu. Akazungumza na Mwajuma Kiluguru, sikuambulia kitu, ila sauti yake ilikuwa ndogo, kama anambembeleza mtoto wa mwaka mmoja. Akafuta macho kwa kofia. Akanirudishia simu, akaenda zake bila kuaga.

Nimelia alipofika mbali.

Ijumaa, 27 Juni

Wamerudi. Matope hadi masikioni. Kijana mmoja mguu una bendeji, kifundo kimeteguka, hakikuvunjika.

Upendo amenieleza jikoni kwangu. Juzi saa tano walikuwa wamebakiza nusu saa kufika uwandani. Mvua ikaanza, kijana akateleza. Wenzake wakamsihi Upendo, mwenye mguu ulioteguka alisihi kuliko wote: tumefika, tufike tu. Akakataa. Wakambeba kwa zamu, wakashuka upande ulio karibu, wakalala ghalani kwa mkulima wa kabichi. Simu ililowa ikazima. Jana watu wa mwenyekiti ndio waliowakuta.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje, Mwalimu?"

Nikamwambia ningegeuza.

Humu sidanganyi. Nisingegeuza. Ningewapandisha nusu saa ile, kwa ajili ya ile dakika yangu, na ukungu ungetukuta kule juu na mtoto asiyeweza kutembea.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada nimekwenda sokoni. Mzee Shomari alikuwa anapanga ndizi, hakuacha kupanga. Nimeomba radhi nimesimama, watu wanapita, wengine wamesikiliza. Akaendelea na chane mbili, tatu.

"Huyu mtoto nyumbani hanyamazi," akasema mwishowe. "Mlima, mlima. Anataka kurudi mwakani." Akafuta mikono. "Nitakuja kukuuliza tena. Unijibu vizuri."

Jioni nimewapigia wazazi wote waliobaki, mmoja mmoja, nikawaambia kwamba sikuwepo na kwamba niliwaficha. Wawili wamenikaripia. Wamenikaripia kwa haki.

Kisha nikaiambia kamati ya chama: kuanzia sasa mkuu wa msafara ni Upendo, si kwa niaba yangu. Hakuna aliyeshangaa. Hilo limeniuma kidogo.

Jumamosi, 5 Julai

Kumetulia. Upendo alipita asubuhi, akaniomba niandike njia yote: wapi maji hayakauki, nani ana ghala, vijito vinaitwaje na wenyeji. Amesema mengi hayapo kwenye ramani.

Nimekaa mezani tangu saa tatu. Nafumba macho, naanzia Nyandira, napanda polepole, kijito hadi kijito, halafu nafumbua naandika. Nimewakumbuka watu walionitajia majina haya, wengi wao wamekwisha kufa. Ninautamani mlima leo kuliko siku waliyoondoka.

Kijito cha tano nakiona kabisa. Jiwe jeupe, mti uliolala juu yake, maji ya magoti. Jina limenitoka.

Nimeacha mstari wazi, nimeendelea na cha sita.