Wazungu Watatu na Herufi Moja

Kampemba, Lubumbashi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mkweo naye mzima, cherehani yake tu ndiyo inayokohoa. Je, miguu yako imepungua kuvimba? Na dawa unainywa yote, au bado unawagawia majirani? Hapa mvua haijaanza, na joto la mwezi huu linawapika watu wakiwa wamesimama.

Unauliza kama ni kweli nilimpeleka mtu mzima hospitali kwa nguvu. Naona mjomba ameshafika Ujiji na maneno yake. Ni kweli, Mama, lakini nisikilize kwanza.

Unajua natafsiri katika karakana ya pampu za migodini, tena nilikuwa bado kwenye majaribio. Walikuja mafundi watatu kufunga mashine mpya, wote wa Kiingereza. Mkurugenzi akaona mkalimani mmoja atawatosha. Hata mimi niliona hivyo. Kumbe wale watu herufi moja tu imewatenganisha: ra.

Mmoja ni Mskoti. Ra yake ni kama yetu, ila ameizidisha, inanguruma kama tela linalopita juu ya mawe. Mwingine Mmarekani, mnene, mchangamfu. Akifika kwenye ra anakunja ulimi nyuma kama aliyetia kiazi cha moto mdomoni na hana pa kukitema. Halafu kuna Mwingereza, mzee mpole. Huyo ra anaimeza. Unasubiri aitoe, haitoki. Na pasipo na ra, Mama, ndipo anapoichomeka! Siku moja alitaja Zambia na Zaire kwa pumzi moja, nikasikia "Zambiara". Nikaandika kwenye ripoti kwamba pampu zitapitia nchi ya Zambiara. Mkurugenzi aliitafuta kwenye ramani mpaka chai yake ikapoa.

Basi, siku yake ya kwanza kazini, yule Mwingereza aliniita pembeni, akaweka mkono kifuani, akasema, "Haat." Alikuwa anasema moyo, Mskoti angesema "harrrt". Moyo wake ni mbovu, na siku ukimshika nimwite daktari mara moja. Niliogopa, nikalishika neno lile: haat ni moyo, haat ni daktari.

Mwezi uliopita, saa za mchana, mabati ya karakana yalikuwa yanalia kwa jua. Mmarekani akatokea nyuma ya mashine, uso mwekundu kama nyanya, jasho linamchuruzika, ameshika shati kifuani analivutavuta. Akanitazama. "Haat!" akasema. "Haat!"

Mama, nilipiga ukelele.

Msimamizi wetu, Citoyen Kalenga, mtu wa Kongolo mwenye mikono kama makasia, alikuja mbio. "Citoyenne Lukia," (huku kila mtu ni raia, Citoyen au Citoyenne, na Rukia nimegeuka Lukia, nimeshazoea) "huyu muzungu iko na nini?"

"Moyo!"

"Roho yake? Yesu wangu! Bantu, kuyeni! Mumubebe!"

Waling'oa mlango wa stoo, wakamlaza juu yake. Akainuka, wakamlaza tena. Akapiga kelele, "No! Haat! Haat!" Nami nikatafsiri kwa uaminifu wote: "Anasema moyo unazidi!" Kalenga akamkalia miguu ndani ya pikapu mpaka hospitali.

Daktari alimpima, akasema moyo ule ni mzima kama wa ng'ombe. Mskoti, aliyekuwa ametufuata, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Ndiye aliyenieleza: Mmarekani alikuwa analalamikia joto, "hot". Joto la Mmarekani na moyo wa Mwingereza ni sauti ile ile.

Kesho yake niliitwa kwa Mkurugenzi. Nilijua yamekwisha. Nilimwaza mdogo wangu Zuhura, niliyemwahidi kuwa atakuja kusoma huku. Mmarekani alikuwa amekaa pale, amenuna.

"Citoyenne," Mkurugenzi akasema, "Kiingereza unakijua ao haukijue?"

"Nakijua, Citoyen Directeur. Ila kipi? Waite wote watatu, kila mtu aseme moyo."

Wakaja. Mskoti akanguruma, Mmarekani akakunja ulimi, Mwingereza akatoa haat yake. Nikamgeukia Mmarekani: "Sasa wewe sema joto."

"Haat," akasema, na uso ukamshuka.

Hapo ugomvi ukawa wao. Mskoti akamwambia Mwingereza hajui lugha ya mama yake. Yule mzee mpole akajibu kwamba Waskoti hawasemi, wanasukutua. Mmarekani akawaambia wote wawili wajifunze kufungua midomo. Mkurugenzi, ambaye kwa lugha za kizungu anajua Kifaransa tu, akataka kujaribu naye. Ra yake ikatokea kooni, kama anatoa mwiba wa samaki. Wote watatu wakamwonea huruma, wakaanza kumfundisha kwa pamoja. Alicheka mpaka akafungua vifungo vya abakosti, lile koti lao lisilo na tai.

"Citoyenne, kazi hii ni ya bantu batatu," akaniambia. "Endelea. Majaribio imeisha."

Mmarekani naye tulipatana. Akaomba nimfundishe Kiswahili cha joto asije akabebwa tena. Nikamwambia, "Sema joto." Kalenga akakataa. "Joto njo nini? Huku tunasema iko moto."

Mmarekani akalipenda neno hilo, halina ra hata moja. Juzi jua likawaka vilevile. Mmarekani akasimama katikati ya karakana, akatangaza kwa sauti yake yote: "Moto! Moto!"

Watu walitoka na ndoo kila upande. Moshi hawakuuona, wakamwona yeye, na maji yote yakaishia kwake. Alibaki amesimama anachuruzika, miwani mkononi. Akamtazama Kalenga, akasema polepole, "Aksanti. Sasa iko muzuri."

Mpe Baba shikamoo yangu, na kaka yangu wa bandarini, na shangazi muuza mikate. Mwambie mjomba habari ameichukua nusu tu. Na Zuhura aanze kufunga mizigo.

Mwanao anayekukumbuka,
Rukia